Gunia la Nyasi

Alishuka kwenye treni saa kumi alfajiri,
begi la fimbo bega moja,
bega la pili gunia lililolowa, linachuruzika.
Nikadhani samaki.
"Nyasi," akasema Mihayo. "Za Morogoro.
Usiliweke juani."

Huyu ni kaka yangu, mcheza gofu wa kulipwa,
ingawa hadi leo anayelipa ni yeye.
Mimi ndiye mweka daftari.
Kituo cha kwanza, Arusha: kiingilio laki na nusu,
nauli, nusu ya godoro kwa kedi mwenzake,
mipira sita iliyookotwa mtoni, ikaoshwa kwa sabuni ya unga.
Kituo cha pili, Moshi: siku nzima kaandika "chai",
nikajua hakula.
Kituo cha tatu, Morogoro.
Safu ya mapato nimeiacha wazi,
kwa heshima.

Bibi yetu kule Ndono alipoambiwa kwa simu
kwamba mjukuu kapata mikwaju mia moja hamsini na moja
kwa siku mbili,
aliuliza kosa lake ni nini,
na kama mgongo umeshapakwa mafuta.

Mkwaju mmoja tu ulizidi.
Wa mia na hamsini walibaki kucheza siku ya tatu,
siku yenye pesa.
Wengine walikunja vyao.
Wanauita mchujo.
Mama hakuhitaji kufafanuliwa neno hilo:
kila Jumatano anachuja asali ya Sikonge,
kitambaa cheupe juu ya ndoo,
anajua kinachopita na kinachobaki,
nyuki waliokufa, na nta.
"Nta nayo ina mnunuzi," alisema,
hakuinua uso.

Lakini kisa cha nyasi ni hiki.
Uwanja aliojifunzia hapa Tabora
ni wa zama za wenye reli, mashimo tisa,
na kuzunguka kila shimo hakuna jani hata moja:
ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji,
ukasawazishwa kwa bomba la chuma.
Mpira hutambaa juu yake
kama treni ya mizigo inapoukaribia mji,
usipousukuma kwa nguvu unalala njiani.
Anaujua mchanga ule kwa nyayo.
Tangu ana miaka tisa
alibeba mikoba ya mameneja wa tumbaku,
jioni akiomba mpira mmoja badala ya bakshishi.

Kule, kwenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta,
aliusukuma vilevile, kwa mkono wa nyumbani.
Shimo la kumi na nane, hatua tatu tu.
Ukapita pembeni, ukaendelea,
ukaendelea,
kama mtu aliyesikia anaitwa mbele.

Usiku akamwendea mkata nyasi wa uwanja,
Mluguru mmoja, Kobelo,
wakachimbua kipande, upana wa mswala.
Elfu nne. Nimeiandika.

Amekipanda nyuma ya nyumba, Isevya.
Anakimwagilia maji ya kusuuzia nguo,
anakipunguza kwa mkasi wa mama wa kushonea.
Siku ya nane mbuzi wa jirani alikula kona yote ya mashariki.
Mihayo hakupiga kelele.
Alipima kilichobaki:
hatua mbili na nusu.

Mwezi ujao ni Dar. Kiingilio bado.
Mama katenga ndoo mbili bila kusema za nani.
Usiku umeme ukikatika namsikia uani:
tk.
Kimya.
Kisha kikombe cha bati kinalia, au hakilii.
Nahesabu gizani, vijiti pembeni mwa ukurasa,
na nisiandike uongo,
vinavyolia ni vichache.
Ila ile tk
imekuwa ndogo.